Chaki Zisizovunjika

"Basi ni mimi! Chaki haziandiki, mimi. Paa linavuja, mimi. Na kesho jua likichelewa kutoka, mseme ni Shangazi kalishika miguu!"

"Sijasema ni wewe, wifi. Nimeuliza tu nani."

"Umeuliza nani huku umenitolea macho kama taa za lori!"

"Sasa nitazame wapi? Nitazame dari?"

"Tazama dari! Humu ndani dari peke yake ndiyo haijawahi kubebeshwa gunia!"

Shangazi alikuwa akishindilia vitu vyake kwenye kapu: kitambaa cha kichwa, kikombe cha bati, na kandambili za kazini ambazo plasta ilikuwa imezipaka nyeupe hadi zikafanana na viatu vya mzuka. Kila kitu alikitia kwa hasira, kisha akakitoa na kukikunja vizuri, akakitia tena kwa hasira.

Aliyekuwa akigombana naye ni mke wa marehemu kaka yake, mwenye karakana ile ya chaki, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Nani. Pembeni walikuwapo wawili wengine, wafanyakazi pekee waliokuwa wamebaki. Brashi, mwanamke mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kupaka mafuta kwenye kalibu, yale machuma yenye matundu yanayomiminiwa uji wa plasta ukagande uwe chaki, alikuwa akisugua kalibu ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Na mzee mmoja waliyemwita Boksi, mfungaji wa mzigo, alilifunga boksi tupu, akalitazama, akalifungua, akalifunga tena. Watu wakigombana mbele yako, mikono haina budi kutafutiwa shughuli.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: Shangazi anahama. Mzee Sabuni, mwenye kiwanda cha sabuni ng'ambo ya barabara, alikuwa akimtamani miaka nenda miaka rudi, si kwa uzuri wake, maana Shangazi hakuwahi kudai kuwa nao, bali kwa mkono wake wa kukoroga. Jana yake amemtumia salamu: adhuhuri atakuja na pikapu, Shangazi apakie kapu lake na kigoda chake, akaanze maisha mapya kwenye harufu nzuri. Na Shangazi kamjibu, aje.

Akienda huyo, karakana imekwisha. Hilo kila mtu alilijua. Plasta haina subira. Ukiitia maji, una muda mdogo tu wa kuikoroga na kuimimina. Ukigeuka kupenga kamasi, imekuwa jiwe. Ukiikoroga haraka mno inatoka na mapovu, na chaki zinakuwa na matobo kama zimeliwa na mchwa. Wengine walikwisha jaribu. Bi Nani mwenyewe alijaribu siku moja Shangazi alipokuwa anaumwa kichwa, akasimama tu kidogo kumwuliza mtu nani kaacha mlango wazi, na aliporudi kwenye ndoo, mwiko ulikuwa umesimama wima katikati, hautoki kwa kuvutwa wala kwa kubembelezwa. Ndoo hiyo ingali pale mlangoni mpaka leo. Wateja wanatundika miavuli.

Na zaidi ya kukoroga, wanawake hawa wawili walikuwa wameishi nyumba moja tangu Bi Nani alipoletwa pale bibi harusi. Marehemu alipokufa aliwaachia kalibu za chaki na mazoea ya kugombana bila kuachana. Safari hii ndiyo ya kwanza kapu kutoka chini ya kitanda.

Bi Nani hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa na jina lake zuri, ila waliompa wamekwisha kulisahau, na yeye mwenyewe akiitwa nalo hospitali hageuki. Alikulia kwenye nyumba yenye watoto wengi kuliko vijiko. Mama yao alikuwa mtu wa swali moja. Chungu kikipasuka: nani? Kuku akipotea: nani? Watoto walijipanga ukutani, na yule aliyechelewa kutaja jina la mwenziwe ndiye aliyekula fimbo. Bi Nani, mdogo na mwepesi, aligundua mapema kwamba katika mstari ule kuna mtu mmoja tu asiyepigwa, naye ni yule anayeuliza. Basi siku chungu kingine kilipopasuka, kabla mama hajavuta pumzi, katoto kakajitoa mstarini, kakashika kiuno, kakauliza kwa sauti kubwa: "Nani?" Mama mwenyewe alijikuta anataka kujibu.

Tangu hapo hakurudi tena ukutani. Wanasema hata siku ya harusi yake, mfungishaji ndoa alipomwuliza kama amekubali, alijibu, "Nani kakwambia uniulize?" Wakubwa walicheka, wakachukulia kwamba amekubali.

Kwenye karakana alikuwa na maswali yake. La kwanza ni hilo. La pili lilikuwa swali lililokuja na jibu lake mgongoni: "Trei si zimekauka?" "Mzigo si umetoka?" Huhitaji akili kulijibu, unatikisa kichwa tu. Na la tatu lilikuwa: "Mnaniona mimi mjinga?" Hilo hakuna aliyewahi kulijibu. Boksi alifungua mdomo mara moja, watu wakashika roho mkononi, lakini akapiga chafya.

Sasa, penye swali la namna hiyo, watu hutafuta pa kujificha, na watu wa karakana hii walipata mahali pa ajabu. Ilianza kwa bahati. Trei ya chaki mbichi ilianguka siku ambayo mmoja wao hakuja kazini. Bi Nani akauliza nani. Macho yakazunguka, yakazunguka, mwisho yakatua kwenye kigoda kitupu. Bi Nani akatazama kigoda naye, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake mwenye kigoda akafika, akakuta ameangusha trei. Akakemewa, akaomba radhi, kazi ikaendelea. Kila mtu aliona jinsi lilivyokwenda laini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi: aliyekosekana ndiye aliyefanya. Lawama hiyo wakaiita gunia. "Leo gunia la nani?" "La fulani, kaenda kumpeleka mtoto shule."

Matokeo yake, hakuna karakana mji mzima iliyokuwa na mahudhurio kama ile. Watu waliogopa kukosa kazi kuliko kuogopa kufa. Mmoja alikuja na mguu uliofungwa plasta ya hospitali, akasema hata hivyo yuko ndani ya fani. Mwingine alitoroka kwenye harusi yake mwenyewe, akafika na ua kifuani, akamimina kalibu chache, akarudi kumalizia. Boksi aling'olewa jino, akaja na pamba imejaa mdomoni, na siku hiyo hiyo akabebeshwa gunia akiwa amekaa palepale, kwa sababu waliona mdomo usioweza kujibu ni sawa na mtu asiyekuwapo. Na kuna siku wote walikuwapo, wazima, midomo wazi, boksi zikakutwa zimelowa. Nani? Macho yalizunguka hata yakachoka. Ndipo mmoja akamtaja fundi mwashi aliyejenga paa lile, marehemu wa zamani. Bi Nani akasema, "Nilijua tu. Yule alikuwa mvivu."

Shangazi hakuwahi kukosa. Mvua, homa, msiba, yuko kwenye ndoo yake. Alikuwa akijisifu kwamba gunia halijui mgongo wake ulivyo. Lakini binti yake akajifungua, na mjukuu wa kwanza hana mwenzake. Shangazi akafunga safari kwenda kumtazama.

Akiwa huko, chaki zikarudi.

Zilirudi kutoka shule, boksi kwa boksi, na barua ya mwalimu mkuu ambayo hakuna aliyehitaji kuisoma maana mwenye kuileta aliisema yote kwa mdomo, na ya kwake juu. Na zilikuwa chaki nzuri kwa macho! Nyeupe, zimenyooka, laini, hakuna hata moja iliyokatika ncha. Ila haziandiki. Ukiziweka ubaoni zinateleza kama mtu kwenye matope. Inasemekana mwalimu wa hesabu aliandika somo zima akiwa amewapa wanafunzi mgongo, na wanafunzi, kwa kuwa walikuwa watoto watiifu, walinakili kila walichokiona. Akakusanya madaftari, kurasa nyeupe tupu. Akalinganisha na ubao. Akawapa wote alama ya sahihi. Mkaguzi naye alipita wiki hiyo, akaisifu shule ile kwa kuwa na mbao safi kuliko zote alizozitembelea.

Bi Nani alisimama katikati ya maboksi, akauliza swali lake. Macho yakazunguka. Kigoda cha Shangazi kilikuwa kitupu.

Shangazi aliporudi, mdomo umejaa habari za mjukuu, hata hajashusha mzigo, akakuta ameharibu chaki za shule nzima. Ndipo kapu lilipotoka chini ya kitanda. Na ndiyo maana asubuhi hii hakukuwa na kazi ila kelele.

"Mimi!" alisema Shangazi. "Mimi niliyemkorogea kaka yangu plasta kabla wewe hujajua hata njia ya kuja hapa! Leo mniweke fungu moja na yule mwashi marehemu!"

"Wifi, usinipandishie sauti. Mnaniona mimi mjinga? Mtu aniambie. Nani? Nani kaharibu? Na—"

Hapo sauti ikakatika.

Haikupungua wala haikukwaruza kwanza. Ilikatika tu, kama bomba la mtaa. Alikuwa amepiga kelele tangu alfajiri, na vumbi la plasta lile halikuwa na heshima kwa koo la mtu. Bi Nani akafungua mdomo tena. "Na—" Upepo mtupu. Akashika koo. Brashi akadhani ni mbinu mpya, akajisogeza nyuma. Boksi akamletea maji kwenye kikombe. Akayanywa, akajaribu tena, ikatoka sauti ndogo sana, ya mtu anayeongea chini ya blanketi.

"Nani?" akanong'ona.

Lakini nani ni neno la kifua. Ukilinong'ona halimtishi mtu. Linakuwa kama la mtu aliyesikia hodi akiwa kitandani. Brashi alicheka kabla hajajizuia, kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye mafuta.

Shangazi alisubiri arudishiwe. Hakurudishiwa. Akatupa neno jingine kali, halikujibiwa. Kugombana na mtu asiye na sauti ni kama kuvuta kamba ambayo upande wa pili hakuna mtu, unaanguka wewe. Akabadilisha mkono wa kushikia kapu.

"Umenyamaza? Vizuri. Basi leo utanisikia. Mimi nilipoondoka hapa, plasta yangu ilikuwa haina kasoro. Tatizo halikuwa plasta. Tatizo zile chaki zilikuwa zinang'ang'ania kwenye kalibu, ukizing'oa zinakatika, na zikikatika..."

Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Bi Nani aliinua kichwa. Zinakatika? Swali lilikwisha kupanda, lile lile, limeshafika kwenye meno: nani alikuwa anazikata? Midomo ikaliumba. Koo likakataa. Na akijilazimisha, aliona, atamaliza hata hicho kidogo alichobakiwa nacho. Alikuwa na pumzi ya neno moja dogo. Akalitafuta. Na lililotoka lilikuwa lile la watoto wanapokatiziwa hadithi mtu akitaka kunywa maji.

"Ikawaje?"

Boksi aliacha boksi lake katikati, kifuniko juu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia mwanamke yule akiuliza jambo ambalo jibu lake hajalitayarisha nyumbani.

"Ikawaje nini?" aliuliza Shangazi kwa mashaka, akidhani kuna mtego.

"Ikawaje," alinong'ona Bi Nani tena, akajishusha juu ya mfuko wa plasta, akakunja mikono mapajani. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja, na kungoja hakukuwa kumemzoea. Kidole chake kimoja kilikuwa kinapigapiga goti chenyewe.

Mwisho Brashi akashindwa kukistahimili kile kidole.

"Ikawa hivi, Mama," alisema, macho kwenye kalibu. "Zile kalibu ni za tangu enzi za marehemu. Matundu yamekwaruzika ndani. Chaki ikiganda inashika. Ukiivuta inaacha ncha mle ndani. Na ikikatika, wewe unauliza."

"Ehe," alinong'ona Bi Nani.

"Nami naogopa kuulizwa. Nikaongeza mafuta kidogo. Zikatoka vizuri siku hiyo. Baadaye zikaanza kushika tena, nikaongeza. Nilikuwa napaka kwa brashi. Nikaja kupaka kwa kitambaa. Mwisho, Mama, Mungu anisamehe, nilikuwa namimina."

"Zikawaje?"

"Zikawa haivunjiki hata moja! Unainamisha kalibu tu, zinaruka zenyewe kama panzi. Na wewe ukapita, ukatazama trei, ukasema, 'Leo si hakuna iliyovunjika?' Tukasema hakuna."

Boksi akakohoa. "Mimi nilikuwa nikizishika zinanikimbia mkononi. Nikajisemea, hizi ni chaki au ni samaki?"

"Ukamwambia nani, Boksi?" aliuliza Shangazi.

"Si nimesema nilijisemea."

"Ungemwambia Mama!"

"Shangazi, mimi nina meno machache yaliyobaki. Kila ninapofungua mdomo humu ndani ninarudi na gunia."

Bi Nani alikuwa anamwangalia Brashi, kisha kalibu, kisha mikono ya Brashi inayong'aa kama maandazi. Plasta iliyonyweshwa mafuta namna ile ingeandika nini? Ingeandika wapi? Alikumbuka vizuri siku aliyopita na kusifu trei. Alikumbuka hata alivyoringa. Na alikumbuka wiki nyingine, aliposimama mlangoni na kuuliza, "Kalibu si nzima?" nao wakajibu nzima, naye akaenda zake ameridhika, kama mtu aliyegonga mlango wa jirani na kujikaribisha mwenyewe.

Akamgeukia Shangazi. Sauti ilikuwa imebaki kama uzi.

"Na wewe, wifi? Ulipoondoka ilikuwaje?"

Shangazi alitazama kapu lake. Alirekebisha kandambili ambazo hazikuhitaji kurekebishwa.

"Nilimwambia Brashi aongeze mafuta," alisema mwishowe. "Mara ya kwanza kabisa, ni mimi niliyemwambia. Kidogo! Sikumwambia aoge nayo!"

Yaani gunia, tangu lianze kutembea humo ndani, kwa mara ya kwanza lilikuwa limeangukia jirani na mwenyewe. Wote walilitambua hilo kwa pamoja, wakangoja radi. Brashi alifumba macho. Boksi alijificha nusu uso na kifuniko.

Bi Nani hakupiga kelele, na si kwa wema, hakuwa nazo. Alikaa pale juu ya mfuko akiwa na lile alilolitafuta wiki nzima. Sasa anajua nani. Ni Shangazi, na Brashi, na Boksi, na yeye mwenyewe na maswali yake mlangoni. Amewapata wote. Na alipoyatazama majina yale, hakuona hata moja linaloweza kuandika ubaoni. Nje, kivuli cha mlango kilikuwa kinazidi kufupika.

"Nini kingine," alinong'ona, "hamjaniambia?"

Boksi akasema, kwa sauti ya kuweka jambo mezani polepole, kwamba mfuko ule wa plasta aliokalia una mchanga ndani, muuzaji amewachezea. Brashi akasema dirisha la nyuma halifungi, chaki zinalowa umande zikiwa kwenye trei. Boksi akasema karatasi za kufungia ziliisha zamani, anafungia magazeti, ndiyo maana shule moja ililalamika chaki zao zina picha ya mchezaji mpira. Brashi akasema kiti cha Mama cha ofisini kina msumari, na kila asubuhi Boksi huupigilia chini, na kila jioni unapanda.

"Huo niliujua," alinong'ona Bi Nani. "Nilidhani ni mifupa yangu."

Hata Shangazi alitaka kucheka, akajizuia kwa kukaza kapu kwapani. Alikuwa amesimama mlangoni sasa, karibu na ile ndoo ya miavuli, anachungulia barabarani kama pikapu inakuja. Bi Nani akanyanyuka, akamfuata. Walisimama karibu, mmoja mnene, mmoja mrefu, wote wameota mvi za plasta juu ya mvi za umri.

"Wewe ungefanyaje, wifi?"

Shangazi aligeuka. Aliutafuta ule ukali, ile kejeli. Hakuiona. Mwanamke yule alikuwa anamwangalia kama mtu aliyeuliza njia.

"Mimi siko tena hapa. Kaiulize dari."

Bi Nani hakuondoka. Kidole chake kilianza kupigapiga tena, akakishika kwa mkono wa pili.

"Mimi ningefanyaje!" alisema Shangazi. "Leo ndiyo mnauliza, na pikapu iko njiani! Mimi ningeanza na kuzifuta hizo kalibu, kavu kabisa, hata harufu ya mafuta isibaki. Brashi! Umesikia au mpaka niandike? Kwa chaki ipi? Sabuni na maji moto, kisha uzianike. Siyo hiyo, hiyo kubwa. Lete hapa, unashika kalibu kama unashika mtoto wa mtu usiyempenda."

Kapu likawekwa chini. Halikuwekwa kwa tangazo. Mikono ilikuwa miwili na kalibu ilikuwa nzito.

Walifungua mfuko mwingine, usio na mchanga. Shangazi akafunga kitambaa chake, akatia maji, akatia unga kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha mgeni wa heshima, akaanza kuzungusha mwiko, bila haraka, bila kusimama. Brashi alipitisha brashi yenye unyevunyevu tu wa mafuta kwenye matundu, mara moja, akamtazama Bi Nani.

"Mama, nikipaka kidogo namna hii zitavunjika."

Wote wakasimama. Hata mwiko ulipunguza mwendo, ingawa plasta hairuhusu.

Bi Nani alimeza mate yaliyomwumiza.

"Zivunjike," alinong'ona. "Tuone zinavunjikia wapi."

Zikamiminwa, zikaganda, zikang'olewa. Nyingi zilikatika. Zilikatika kwa sauti zile ambazo kwa miaka zilikuwa zinawatoa watu jasho, tak, tak, na kila moja ilipokatika Brashi alishtuka mabega. Lakini hakuna aliyeuliza kitu. Bi Nani alizikusanya zile zilizokatika, akazipanga juu ya benchi, fupi kwa fupi. Boksi alichukua kipande kimoja, kibichi vivyo hivyo, akaenda kwenye mlango wa bati, akachora mstari. Mstari ukashika, mweupe, unaoonekana mpaka barabarani. Akachora mwingine. Akachora kitu alichosema ni kuku.

"Kuku huyo ana ugonjwa gani?" aliuliza Shangazi, akikoroga ndoo ya pili.

"Muache, anaandika!" alisema Brashi. "Mama, zinaandika!"

Bi Nani hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya vile vipande, pua karibu kuvigusa.

"Wifi," alinong'ona. "Njoo uone. Zote zimekatikia hapa hapa."

"Siwezi kuja, nimeshika ndoo. Nionyeshe kutoka huko."

Bi Nani akampelekea viganja viwili vya vipande, akamsogezea usoni. Ni kweli, vyote vilikuwa na urefu mmoja. Vilikatikia pale panapokaribia kitako, mahali pamoja, kama vimepigwa rula.

"Ee!" Shangazi alikunja uso, mikono ikiendelea kuzunguka bila yeye. "Basi tundu siyo bovu lote. Kuna ukingo mle ndani, pale chini, ndio unaoshika. Tulikuwa tunalowesha kalibu nzima kwa ajili ya sehemu ya upana wa ukucha!"

"Ungeutoaje?"

"Msasa. Unausokotea kwenye kijiti, unauingiza, unausugua pale tu, taratibu, tundu kwa tundu. Siyo kazi ya Brashi hiyo, ataukwaruza pote. Wala Boksi, mikono inatetemeka. Ndoo hii nikishaimimina ziacheni zikauke, msizisumbue. Kesho asubuhi, kabla hapajawa na joto, kalibu nitazishika mimi mwenyewe, nianze na ile kubwa, halafu nita—"

Mlango wa bati ukasukumwa, kuku wa Boksi akaenda ukutani. Mzee Sabuni aliingia ametabasamu, shati limepigwa pasi, ufunguo wa gari unazungushwa kidoleni, harufu ya limau ikamtangulia mpaka katikati ya chumba.

"Hodi, hodi wenyewe. Kapu liko wapi nipakie?"

Shangazi alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili, mdomo ungali wazi kwenye lile neno la kesho lililokatika, na uji ndani ya ndoo ulikuwa umeanza kuwa mzito.